Habari Ambazo Humed Hakuzingoja

Wageni huja jangwa la Danakil na vipimajoto vyao, wakashangaa, wakapiga picha mbili tatu, kisha haoo, wakarudi kwenye magari yenye ubaridi. Humed Gaddo hajawahi kuhitaji kipimajoto. Amechonga mabamba ya chumvi miaka ishirini na sita, macho yamemwiva, na anajua kuwa mtu akiacha kutoka jasho kwenye jua lile, saa zake zinahesabika.

Siku hiyo aliyeacha kutoka jasho ni mdogo wake, Yayyo. Wenzao walikwisha kuondoka na msafara alfajiri; Humed ndiye aliyeng'ang'ania wamalizie mzigo.

"Kaka, mbona unaninyima maziwa?" Yayyo alilalamika, na maziwa hayakuwepo.

Humed akammiminia mafunda ya mwisho ya kiriba, akamfunga juu ya ngamia, akamfunika shuka, akashika njia ya kisima kilicho chini ya mlima.

Nusu ya safari akamwona Aydahis akija na ngamia wake kwa mbali. Huyu ndiye aliyemshinda kesi ya malisho mbele ya wazee, tena akamcheka.

"We Humed! Njoo tuketi!" Aydahis aliita.

Kwa Waafar, wenyeji wa jangwa hilo, wawili wakikutana njiani huketi wakapeana dagu: kila habari waliyoiona na kuisikia, bila kuongeza wala kupunguza. Habari haitupwi kwa mbali kama jiwe, na kupita bila kuipokea ni tusi. Humed alilijua hilo kuliko jina lake. Lakini alikuwa na haraka, na, tuseme kweli, alikuwa na kinyongo. Alipita mbali.

"Humed! Keti walau kidogo!"

Humed akazidi kumhimiza ngamia.

"Haya nenda, bwana! Kwani chumvi yako itayeyuka?" Aydahis alifoka, akidhani kilichofunikwa ni mzigo.

Humed alipofika, kisima kilikuwa kimeporomoka, mizoga ya mbuzi imelala kando. Watu walikuwa wamehamia kwenye dimbwi lililo nyuma ya vilima, karibu tu na pale alipoitwa. Aydahis alikuwa ametoka huko huko, viriba vimejaa. Hasira hasara, husema watu, lakini hasara hii hakuilipa mwenye hasira. Yayyo alikata roho kabla ya alasiri, mdomo wazi.

Kambini, Dahara, mke wa Yayyo, hakupiga yowe. Alitandika mkeka, akaketi mbele ya shemeji yake, watu wakawazunguka.

"Umetoka wapi?"

"Chumvini."

"Njiani ulikutana na nani?"

Humed alitamani ardhi immeze. Angeweza kusema hakuna mtu. Lakini mwongo wa dagu hukosa pa kuketi maisha yake yote.

"Aydahis."

"Alikupa habari gani?"

"Hakunipa. Sikuketi, shemeji."

"Alikuita?"

"Aliniita."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya tatu alinitukana."

"Na mume wangu alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa anaomba maziwa."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Humed alinyoosha mkono, Dahara hakuushika. Alikung'uta mkeka, akaukunja.

"Mimi nimesikia," alisema. "Inuka, shemeji, ukawape na wengine. Na usipunguze."