Taa Tatu za Kumgeuza Bibi

Mjomba wangu anaitwa Uvungu. Kwenye kitambulisho ana jina lingine, ila ukimuita kwa hilo hageuki. Siku wakwe walipokuja kumwona mara ya kwanza, alikuwa chumbani anajaribu amplifaya aliyoiunga mwenyewe. Kapasita, kile kidude cha kutunza chaji, alikuwa ameiweka kinyume, ikapasuka pah! Baba mkwe akaingia mbio, akakuta miguu miwili inachungulia chini ya kitanda. Mke alipewa, na jina akapewa.

Bibi, mama yake, alipata kiharusi, akawa hawezi kujigeuza. Nesi akasema ageuzwe kila baada ya masaa mawili, kushoto, chali, kulia, la sivyo atatoka vidonda. Nyumbani wa kumgeuza tuko watatu, mimi, mjomba na mkewe, na kila mmoja aliapa kwamba aliyesahau ni mwenzake.

Uvungu hakubishana. Akaunga chipu moja ya kupima muda na nyingine ya kuhamisha taa, akafunga taa tatu ndogo juu ya mlango. Nyekundu kushoto, kijani chali, njano kulia. Taa ikihama, unamgeuza bibi.

"Mnanigeuza kama godoro la kuanika," bibi akasema.

"Godoro halilalamiki, mama."

Basi tukaacha kuangalia saa. Wiki ya tatu anti, mke wa mjomba, anamwogesha bibi, akaona ngozi ya nyonga imechanika.

Mjomba akaketi mbele ya mlango na saa yake ya mkononi. Nyekundu ilikaa masaa matatu kasoro dakika tano.

"Kapasita kubwa zinavuja," akasema. "Chaji inaingia huku inatoka, muda unarefuka. Kukiwa na joto ndiyo balaa. Mimi niliipima siku moja tu, tena ya baridi."

"Mjomba, si kosa lako."

"La nani, la taa?"

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma namba za mita.

Akaisuka upya. Safari hii aliweka kapasita ndogo, inapiga kila baada ya sekunde chache, na chipu ya kuhesabu inahesabu mapigo mpaka masaa mawili yatimie. Akaikodolea macho siku mbili. Nikamwambia hata anti hajawahi kuangaliwa hivyo. Hakucheka. Hata mimi sikucheka, mdomo tu ulikuwa unatafuta kazi.

Kidonda kilichukua miezi miwili kupona. Nesi alipotoa bandeji ya mwisho akasema pamefunga, anti akashukuru. Mjomba akasema "sawa," akaangalia taa, ilikuwa kijani, akamlaza bibi chali. Nilidhani nitasikia raha. Nilisikia usingizi.

Wewe unayeuguza mtu nyumbani, zamu mnazikumbukaje? Na kama mliwahi kukosea, mliishi na kosa hilo vipi? Niandikie hapo chini, hata mistari miwili. Nitamsomea Uvungu, atajifanya hasikii.