Monadi Yangu na Kigelegele cha Bibi wa Zuzu

Mpaka leo nakisikia kile kigelegele. Kilianza chembamba, kikapanda juu vile wanavyopandisha mabibi wa Kigogo, halafu kikakatika katikati kama redio iliyochomolewa waya. Aliyekikata ni mimi. Sikumgusa bibi wa watu wala sikumwambia neno, lakini ni mimi, mbele ya ukumbi mzima, na mkiona nacheka huku nasimulia msidhani yameniishia. Nacheka kwa sababu nikiacha nitalia, na kulia nimeshalia mpaka mama akauliza kama nimefiwa.

Wakati huo nilikuwa mtunza chumba cha kompyuta katika chuo kimoja cha binafsi pale Dodoma mjini (ndiyo zile enzi za soko huria, kila mwenye nyumba yenye ua mpana anafungua chuo), chuo cha ushonaji, upishi na kompyuta, vyote chini ya paa moja la bati. Mimi mwenyewe kidato cha nne nilipata ziro, nikasoma cheti cha kompyuta, nikabaki palepale kufuta vumbi na kuwasha mashine, ila kichwani nilikuwa mbali. Nilikuwa na ndoto kwamba siku moja gari la serikali litasimama nje, atashuka mtu mwenye suti aseme tunamtafuta Tatu, kompyuta za Bunge zimetushinda. (Nilikuwa nimeshachagua hadi gauni la kuvaa siku hiyo.)

Sasa kwa jirani yetu alikuwa amepanga kijana mmoja, Geofrey, anasoma chuo kikuu kule Chimwaga, na huyo ndiye aliyeniingiza kwenye mambo ya monadi. Alinipa flashi yenye lugha ya programu ambayo kila kitu ndani yake ni kazi ndogo ndogo zinazopokezana, pamoja na maktaba zake, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, wewe unachukua tu unaunganisha. Monadi ni utaratibu wa kuzipokezanisha hizo kazi, na ya kwanza niliyoielewa ni ile wanayoiita Labda. Niwaelezeni kwa njia yangu. Mnajua kwenye shughuli akina mama wanavyopokezana sinia kutoka jikoni hadi kwa wageni, huyu anaweka wali, huyu anaongeza nyama, huyu kachumbari? Labda ni hiyo foleni, ila ina sharti moja: ikitokea mmoja hana cha kuweka, sinia linatolewa vyote vilivyomo, linafunikwa kawa palepale, waliobaki wote wanalipitisha bila kulifunua, na linafika kwa mgeni halina kitu. Jibu lake linatoka neno moja tu, HAKUNA. Na uzuri wake (ndivyo nilivyojisifia kwa watu) programu haianguki hata kukiwa na mapengo.

Mahafali yakakaribia. Miaka yote Mwalimu Masaka, makamu mkuu wa chuo na msema chochote wetu, alikuwa anasoma majina kwenye karatasi, mara kayaruka, mara kayasoma vibaya. Nikamwambia mwaka huu tukodi projekta, nitatengeneza programu itakayoandika ukutani jina la mhitimu, ni mtoto wa nani na anatoka wapi, yeye asome tu. Akakubali.

Yunisi alikuwa mwanafunzi wa ushonaji, mpole, anakuja chumba cha kompyuta mchana kwa sababu kuna feni. Nilipokuwa naingiza habari za wahitimu nilimuuliza jina la baba. Akatazama kibodi. "Acha wazi, dada Tatu. Nililelewa na bibi." Nikaacha wazi. Halafu akasema, "Bibi anakuja toka Zuzu. Watu pale kijijini walimwambia anapoteza mbuzi zake kunisomesha mtoto asiye na kwao. Anataka aje asikie natajwa, basi. Na uandike kubwa, dada, macho yake hayaoni vizuri, ila herufi kubwa anasoma, alijifunza kisomo cha watu wazima."

Nikamwahidi. Na sikuahidi bure, nilikaa nikaandika mstari maalumu kwa ajili yake: kama mhitimu hana jina la baba, weka la aliyemlea. Ulifanya kazi. Programu nzima ilikuwa mbaya kuitazama, imejaa kama-hivi-basi-vile ndefu kama mkia wa treni ya mizigo, lakini ilifanya kazi, na kama ningeiacha hapo leo ningekuwa nasimulia mambo mengine.

Ila siku moja kabla ya mahafali, mchana, sina la kufanya, nikaitazama nikaona aibu. Je, mgeni rasmi akiuliza imetengenezwaje? Nikaamua niiandike upya yote kwa monadi. Mtafute mhitimu, mtafute baba yake, kitafute kijiji cha baba, unganisha. Mistari minne, mizuri, imepangana kama vitumbua vya mama kwenye trei. Na kwa kuwa sikutaka ukuta utoke mtupu mbele ya wageni, nikaongeza kwamba jibu likiwa HAKUNA programu iruke, iende kwa anayefuata. Nikajaribu majina mawili ya mwanzo, wote wana baba, wote wana kijiji, yakapita laini kabisa. Nikamwita Geofrey aone.

"Ni nzuri," akasema. "Sasa kwa nini umebadilisha kitu kilichokuwa kinafanya kazi?"

"Kwa sababu ni nzuri," nikamjibu.

Ule mstari wa Yunisi ulibaki kwenye programu ya zamani. Sikuukumbuka hata kidogo.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja aliyesema mapema kabisa kwamba ana kikao cha kamati na hatakaa sana. Meza yangu ilikuwa pembeni mwa jukwaa, na kwenye benchi lililo karibu nami alikaa bibi mmoja mdogo wa mwili, kafunga kanga mbili, ya tatu kaikunja mapajani. Hiyo ya tatu ndiyo ya kumfunga mhitimu akishuka. Yunisi akaninong'oneza akipita kwenda kwenye foleni, "Ndiye huyo." Nikampungia bibi mkono, akanitabasamia.

Wahitimu walipangwa kwa alfabeti, vyeti navyo vimepangwa hivyo hivyo mezani, na Mwalimu Masaka alikuwa anasoma kinachotokea ukutani. Asha, safi. Daudi, safi, watu wakapiga makofi kwa ajili ya ukuta wenyewe, na mimi nikamtazama mheshimiwa kwa jicho la pembeni kama ameshaanza kuuliza ni nani kaitengeneza. Kisha akapanda Elia, jitu la miraba minne lenye ndevu, fundi wa upishi. Baba yake Elia alikuwa mfanyakazi wa reli, kahamishwa hamishwa, kijiji hakikuandikwa. Hakuna kijiji, sinia likafunikwa, programu ikaruka. Mwalimu Masaka, macho yakiwa ukutani, akasoma kwa sauti ya kujiamini, "Fatuma, binti Saidi, kutoka Ihumwa."

Basi watu wa Ihumwa walikuwa wamejipanga na mashada ya kumetameta, wakalipuka kwa ngoma na kukimbilia jukwaani bila kutazama, shangazi wa kwanza akamvisha Elia shada shingoni kabla hajaona ndevu.

"Mwanetu yuko wapi?" akauliza.

"Shikamoo mama," Elia akajibu, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Hapo bado ilikuwa ndogo. Lakini foleni haikusimama, kila aliyepanda akatajwa kwa jina la aliye nyuma yake na kupewa cheti kisicho chake, Fatuma akawa Gaudensia, Gaudensia akawa Halima, na Mwalimu Masaka akawa ananifanyia ishara ya mkono chini ya meza kama mtu anayefukuza kuku. Nikaona tatizo ni kule kuruka, nikaufuta mstari wa kuruka palepale, watu wote wakiona ninavyoandika ukutani, na vidole vinakosea, na wanasoma kwa sauti ninavyokosea. Mwalimu akasema turudi tulipoharibikiwa. Elia akapanda tena na shada lake. Ukuta ukaandika, herufi kubwa nilizomwahidi Yunisi, nyeupe juu ya bluu: HAKUNA.

"Hakuna," akasoma Mwalimu Masaka kabla hajafikiri.

Hakuna aliyebaki kimya. Elia mwenyewe akainama akicheka, akapunga mkono, "Mimi hapa, Hakuna." Akatajwa kwa mdomo, akapewa chake, akashuka shujaa. Kuanzia hapo kila pengo likitokea ukumbi mzima unaitikia pamoja, "Hakunaaa", watoto wanarukaruka, hata mheshimiwa alikuwa anafuta machozi ya kicheko na huku anatazama saa. Na mimi (nisameheni) nilianza kupumua. Nilidhani limegeuka kuwa burudani na litapita hivyo.

Halafu akapanda Upendo, na nyuma yake kwenye ngazi nikaliona gauni la Yunisi, la kitenge, alilishona mwenyewe. Na ndipo nikaukumbuka ule mstari. Nikaanza kuandika jina lake kwa mkono, Y, U, lakini kompyuta ile ilikuwa nzito, ilikuwa bado inamhangaikia Upendo, herufi haziji, nikabonyeza tena, na kule kubonyeza kukamsukuma Upendo akaondoka na anayefuata akaja. Yunisi alikuwa ameshasimama katikati ya jukwaa, mikono kaibana mbele, anatazama benchi la bibi yake.

Bibi alimwona. Akasimama na kanga yake mkononi, akaanza kigelegele.

Ukuta ukaandika HAKUNA. Na ukumbi, kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha mchezo huo, ukaitikia, "Hakunaaa."

Kigelegele kikakatika.

Bibi akamgeukia mama aliyekaa naye. "Wanasema hakuna nini?"

Akaonyesha jukwaani kwa ile kanga.

"Mbona yupo? Mjukuu wangu yule pale."

Mheshimiwa akawa amesimama, msaidizi wake kamshika kiwiko, cheti cha Yunisi hakionekani kwa sababu vyeti vilishachanganyikana tangu kwa Fatuma, hivyo akampa mkono mtupu, akampungia ukumbi, akaondoka. Mwalimu Masaka akatangaza waliobaki watachukua vyeti ofisini na chakula kiko tayari. Basi, ikawa imekwisha. Yunisi akashuka ngazi hajatajwa.

Nilimkimbilia bibi. Sijui nilitaka kusema nini, nilichosema ni "Shikamoo bibi," nimepiga magoti.

"Marahaba." Alikuwa anaikunja ile kanga, pembe kwa pembe, taratibu. "Ni wewe mwandishi wa pale ukutani?"

"Ndiyo, bibi."

"Nani kakwambia mtoto huyu hana kwao?"

Nikataka kumjibu hakuna aliyeniambia, neno lenyewe likanikwama. Yunisi akaja, akamshika bibi yake mkono, akaniambia, "Si neno, dada Tatu, ni mashine." Angenitukana ningeshukuru. Hawakula. Niliwaona kupitia dirishani wanavuka ua, bibi kaweka kanga kwapani, wanapita katikati ya watu wa Ihumwa waliokuwa wanapiga picha na Elia.

Jioni nilimwonyesha Geofrey. Akasoma mistari yangu minne mara mbili. "Tatu, hapa hapana kosa. Imefanya kile ulichoiambia." Alidhani ananipa moyo.

Yunisi alichukua cheti chake kwa karani. Nikamtuma mtu anipelekee salamu Zuzu, salamu zikafika, majibu hayakuja. Ya Bunge niliyaacha, lile gauni nikampa mdogo wangu. Na nimeapa, kitu kinachofanya kazi sikigusi tena kwa sababu ya uzuri, na mtu akiniambia "acha wazi" namuuliza kwanza pale wazi niweke nini badala yake. Lakini kuapa kwangu kunamsaidia nani? Siku ile hairudi, na bibi yule alikuja mara moja.

Kabla projekta haijarudishwa kwa mwenyewe, asubuhi moja ukumbi umefungwa, nilijifungia ndani peke yangu. Nikaifungua programu ya zamani, ile mbaya. Nikaweka Yunisi. Haikuchelewa: YUNISI, MJUKUU WA BI MWENDWA, KUTOKA ZUZU. Nikaenda nikakaa kwenye benchi la pembeni, pale alipokaa bibi, nikayabana macho mpaka yakaona ukungu, nikajaribu kusoma. Jina la Yunisi lilisomeka. Zuzu ilikuwa inafifia. Nikarudi kwenye kompyuta, nikaziongeza herufi ukubwa.