Unauza Maua ama Unafuga?

Jumanne asubuhi rafiki yangu mmoja wa Makina alikuja kunitafuta ofisini, na huyu ni mtu asiyekanyaga ofisini kwangu ila akiwa na shida. Alikataa chai. Hapo nikajua kuna jambo. “Yule mama wa maua wa Kawangware ametuacha,” akasema. “Malaria, halafu ikampanda kichwani. Wanamsafirisha nyumbani Ijumaa.” Basi wasomaji wangu, wiki hii nilikuwa nimejipanga kuwagombeza madiwani juu ya takataka. Madiwani watasubiri; takataka zenyewe haziendi popote. Leo nina huzuni, na ninataka kumzungumzia mtu niliyempenda.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nilipanga chumba sehemu inayoitwa Kongo, mtaani Kawangware, mlango wangu ukitazamana na wake. Alikuwa ametoka mkoa wa Magharibi kumfuata mumewe aliyekuwa na kazi kiwandani, naye mwenyewe akawa anafua nguo katika majumba ya wakubwa ng’ambo ya barabara. Wenzake walirudi jioni na mkate au nguo kuukuu walizopewa. Yeye alirudi na vitawi vilivyokatwa na kutupwa na watunza bustani, amevifunga kwa gazeti bichi. Alivipanda katika makopo ya mafuta ya kupikia, akayapanga mlangoni, dirishani, hata juu ya paa la choo, mpaka ukitaka kuingia kwake ilibidi upite upandeupande. Wapangaji wa plot nzima walimcheka. “Si angepanda hata sukuma tule?” waliulizana pale kwenye mfereji wa maji. Maji tunanunua kwa mtungi, naye anayamwagia maua! Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Alicheka nasi, akaendelea kumwagilia kwa maji aliyokwisha kuoshea mboga.

Kosa lake lilikuwa moja tu, na mtu wa kwao asingelijua. Siku moja alileta maua fulani yenye mizizi kama vitunguu, yanayochanua meupe yenye michirizi ya waridi. Akayapanda ardhini, mstari ulionyooka kutoka ukutani hadi langoni, kwa kuwa uwanja ulikuwa tope tupu na alitaka upendeze. Wakikuyu huyaita matoka, na tangu enzi za mababu ndiyo alama ya mpaka wa shamba: yakipandwa mstari, hapo ardhi ya mtu imeishia na ya mwingine imeanza. Mwenye plot, mzee wa Kikuyu mpole kabisa, akaja kutazama bomba lililopasuka, akayaona yamechipua, akashika kichwa.

“Wewe mama! Unanipimia shamba yangu na niko hai?”

“Mzee, ni maua tu.”

“Maua gani? Hiyo ni mpaka! Baba yangu alipanda hiyo na wazee wakiwa wamesimama hapa!”

Maskini mama wa watu! Tulipomweleza mzee kwamba kwao Magharibi matoka hayana maana hiyo, mwishowe alicheka, tena sana, lakini hakutaka tena kuona mstari wa maua kwake: matoka yang’olewe, na makopo yote yaondoke kabla ya Jumapili, ama mama aondoke nayo.

Ndivyo maua yalivyofika kando ya barabara ya Riruta. Hakuyapeleka kuuza, aliyapeleka kuyasitiri, mbele ya karakana ya seremala mmoja aliyemhurumia. Wapita njia ndio walioanza kusimama na kuuliza bei. Mwezi uleule kiwanda kikampunguza mumewe pamoja na wengine wengi, kama ilivyozoeleka siku hizi. Sasa maua yalitakiwa kulisha watoto, na mama hakuweza kuuza! Mteja akichagua hili, anaambiwa “huyo bado mgonjwa.” Akichagua lile, “huyo hatapenda jua la kwenu.” Mazuri zaidi aliyaficha nyuma ya mbao za seremala. Mumewe, aliyekaa pale kutwa bila kazi, siku moja alishindwa kunyamaza. “Mama watoto, wewe unauza ama unafuga? Watoto watakula harufu?” Mama akalia, mbele za watu. Kisha akaenda nyuma ya mbao, akatoa waridi lake jekundu, akampa mwanamke mmoja wa yale majumba makubwa aliyekuwa angali anasubiri.

Jumapili, baada ya kanisa, akaenda kulitazama. Naam, alilifuata waridi lake kama mzazi anayemfuata binti aliyeolewa, akachungulia langoni mpaka askari akaanza kumfukuza. Kelele zikamtoa mwenye nyumba. “Si ni wewe uliniuzia? Linakauka, ingia uone.” Akaingia, akachimbua udongo kwa kidole, akasema wanalinywesha kupita kiasi. Juma lililofuata akarudi kulijulia hali, na jirani wa pale naye akamwita. Haikupita miaka mingi akawa na kibanda chake mwenyewe na majumba ya kuzungukia. Hakufua tena nguo ya mtu, na watoto walisoma.

Siku hizi kila anayepunguzwa kazini huambiwa na mabwana wa semina: fanya unachokipenda, riziki itafuata. Maneno matamu hayo, na anayeyasema huwa ana mshahara. Hawamwambii kwamba unachokipenda kikishakuwa kazi, kitakutoka mikononi kila siku. Ukiking’ang’ania, mtalala njaa. Ukiacha kukijali, wateja watajua kabla yako, nao watahama.

Mara ya mwisho nilipopita kwake nilimkuta akimfungia mteja mche. Nikamtania, “Siku hizi moyo umekuwa mgumu, mama. Unauza bila kulia.”

“Mgumu wapi?” akanijibu, bila kuinua macho. “Kila siku nauza nikiumia, mwandishi. Siku nitaacha kuumia, nitarudi kufua nguo.”

Basi ninyi vijana mnaoniandikia kuniuliza mfanye kazi gani, tafuteni kitu ambacho mkikiuza mtaumia. Halafu kiuzeni.