Mapaa Mawili Yasiyogusana

Mume wangu alipoanza kupima nyumba yetu, alikwenda kwanza kwenye mkuyu. Upande ule wa Fort Ternan kila mtu alianza ujenzi kwa kukata miti. Yeye alifunga kamba kwenye shina, akauzunguka mti akipigilia vigingi. Nilisimama na kikapu changu cha majani chai nikimtazama. Mwanamume anayeuacha mti katikati ya nyumba yake ana jambo, nikajiambia.

Sisi ni watu wa Kisii. Tulikuja Kericho kwa ajili ya kazi, na baada ya uhuru tukapata kipande chetu cha ardhi. Yeye alikuwa fundi katika shamba la chai, akijenga nyumba za wafanyakazi, zote za umbo moja, na alizichukia. Yake ingekuwa ya kisasa lakini isiyogombana na mahali pake. Matofali yangetoka kwenye udongo wetu wenyewe, na shimo litakalobaki tungelipanda ndizi. Tanuri lilichomwa kwa visiki vya michai iliyozeeka. Mgongo wa nyumba aliupa upepo, madirisha akayapa jua la asubuhi, na maji ya mvua akayaelekeza kwenye tangi kwa mifereji ya mabati. Hayo yote aliyaeleza kwa furaha kwa yeyote aliyepita njiani.

Asichoeleza ni kile chumba cha nyuma.

Kilikuwa ng'ambo ya mkuyu, chumba kimoja na jiko lake dogo la kupikia, na mlango wake wenyewe. Paa lake lilisogea karibu na paa la nyumba kubwa, halafu likakoma. Hapo katikati palibaki nafasi, na matawi ya mti yakapita. Nilipouliza kwa nini asiyaunganishe mapaa tusilowe tukivuka, alijibu kwamba mizizi ya mti inahitaji mvua. Mizizi! Tangu lini mwanamume huyu akahurumia mizizi?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa msichana baba yangu alipomjengea mke wa pili nyumba ng'ambo ya kisima, kwa sababu mama alizaa wasichana watupu. Baba naye alianza hivyo hivyo, kimya kimya, akipimapima. Sasa baba alikuwa amekufa, mama amebaki peke yake katika nyumba inayovuja, na watoto wa yule mke mdogo walikuwa wakilima mpaka mlangoni pake. Na mimi pia nilikuwa nimezaa wasichana watupu.

Jirani yetu Mkipsigis, aliyetuletea maziwa, hakunisaidia.

"Mama, hii nyumba iko na milango mbili ya nini?" akaniuliza. "Watu nasema mzee yako naleta bibi ingine."

"Wacha waseme," nikamjibu. Lakini chai ya siku hiyo ilinishinda kunywa.

Kisha zikaanza safari. Mume wangu alikwenda Kisii, akasema ni kutafuta misumari. Kericho ilikuwa imejaa misumari! Akarudi bila hata mmoja, viatu vimejaa matope, uso umetulia kama wa mtu aliyekubaliwa posa. Baadaye seremala akaleta kitanda kipya, na kitanda hicho kikapitishwa moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa nikilala kwenye kitanda cha kamba tangu tulipooana.

"Ni nani?" nikamwuliza mchana mmoja, yeye akiwa juu ya ngazi.

"Mgeni, mama watoto."

"Mgeni gani anajengewa jiko?"

Akaikazia macho timazi yake, kamba ya kunyoshea ukuta. "Mgeni wa heshima," akasema, akashukia upande wa pili wa ukuta.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilifunga nguo zangu na za wasichana katika shuka. Siku ambayo mgeni huyo angekanyaga ua wangu, sisi tungekuwa barabarani, tukienda kwa mama. Niliogopa sana, na hasira ndiyo iliyonisimamisha.

Alipokwenda Kisii tena, niliingia katika kile chumba nikaone nilichonyang'anywa. Nyumba kubwa ilikuwa na ngazi mlangoni. Huku sakafu ilikuwa sawa na ardhi. Nikakaa kwenye kitanda, magoti yakanipanda kifuani. Miguu yake ilikuwa mifupi mno kwa kitanda cha msichana anayeolewa. Nikatazama dirishani. Lilielekea jiko langu, mahali penyewe ninapokaa nikipika, na mkuyu ukaficha kabisa mlango anaotumia mume wangu.

Ni mke gani mdogo anayejengewa mahali ambapo mume hamwoni, ila mke mkubwa tu?

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mkono, hawakutani njiani. Tunaiita chinsoni, heshima yenye haya ndani yake, na mwanamume anayeijali hawezi kutaja kitanda cha mama mkwe, hata kwa mkewe. Angalinionyesha vipi? Alinionyesha kwa matofali. Nililia pale pale, na nikiwa bado nalia nikamkasirikia upya, kwa sababu angaliweza kumtuma mtu aniambie.

Mama alifika jioni ile, ameletwa na dada yangu. Mume wangu alibaki barabarani mpaka mlango wa nyuma ulipofungwa. Mama akaliona lile furushi.

"Unasafiri?" akaniuliza.

"Nilikuwa nakuja kwako," nikasema.

Alikaa nasi miaka. Akitaka kutoka alikohoa kwanza, na mume wangu akisikia kikohozi hicho aligeukia michai. Walisalimiana kwa kinywa changu. Mvua ilinyesha kati ya mapaa yao, mkuyu ukanenepa. Jirani alikoma kuuliza kuhusu milango, akawa anamletea mama maziwa yake kando.

Tulipomzika mama na waombolezaji wakatawanyika, nilikwenda kufagia chumba. Mume wangu akaja kwa njia ya nyuma, ambayo hakuwahi kuipita tangu mama alipohamia. Akasimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Humo ndani," akasema, "alisikia baridi?"

Nikamwambia hapana, kulikuwa na joto la kutosha. Akauwekea ukuta kiganja. Akasema miaka yote ile alitaka kuuliza.