Gauni la Melimeli Dirishani

Ursule Pingret alikuwa dobi wa Paris, vichochoro vya nyuma ya mtaa wa Mouffetard, na kila Jumapili alivaa nguo za watu. Hakuona kama ni wizi. Nguo ililetwa chafu, ikafuliwa, ikatiwa wanga, ikapigwa pasi Jumamosi, na mwenyewe hakuitaka hadi Jumatatu. Jumapili ilikuwa imekaa bure.

Jumapili moja ya Mei, mwaka 1842, alivaa gauni la melimeli lenye marinda, mali ya Bibi Chaumontel, mke wa mwanasheria, akaenda kutembea barabara kuu. Siku za kazi alipita hapo hapo na kikapu mgongoni, na watu walimpiga vikumbo. Siku hiyo wanaume walishuka kwenye matope ili yeye apite pakavu. Akapita. Hakusema ahsante, maana alishaona mabibi hawasemi. Mchoraji aliyekuwa mkahawani, karatasi magotini, Ursule hakumwona kabisa.

Mwezi uliofuata, Modeste, shoga yake wa kufua naye, alimjia mbio.

“Shoga, umeanikwa!”

“Nimeanikwa wapi?”

“Dirishani kwa muuza picha. Watu wamejazana. Gauni la yule bibi, pua yako!”

Wakaenda. Picha ya chapa ilimwonyesha bibi kidevu juu, bwana wa kofia ndefu akimwinamia kutoka matopeni, na nyuma yao dobi aliyepindika kwa kikapu. Chini iliandikwa: *Bibi wa Heshima Avuka Barabara*. Pua ilikuwa ya Ursule, na kovu la pasi kidevuni pia. Alijiona mzuri, kisha akamkumbuka mwenye gauni.

“Mwenyewe akiiona?” akauliza.

“Utafungwa,” alisema Modeste. “Lakini umetoka vizuri.”

Alhamisi Bibi Chaumontel alikuja kwa dobi kwa miguu yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaikunjua picha juu ya meza ya pasi.

“Unamjua huyu?”

Ursule akaweka pasi chini.

“Ni mimi!” alisema Bibi Chaumontel. “Nimechorwa bila habari. Tazama marinda! Nani mwingine anayo?”

“Hakuna, bibi.”

“Mume wangu ananiudhi. Ati pua si yangu. Wewe waonaje?”

Ursule aliinama akaichunguza pua yake mwenyewe.

“Wachoraji hawa, bibi, kwenye pua huwa wanabahatisha.”

“Si ndivyo nilivyomwambia!” Bibi Chaumontel akaweka kidole juu ya dobi aliyepindika. “Na huyu bila shaka ni wewe.”

“Ni mimi, bibi.”

“Umefanana sana.”

Akamwachia nakala moja, zawadi. Alipotoka, Ursule aliketi juu ya furushi la mashuka. Alikuwa ameponea chupuchupu, na alipaswa kufurahi. Badala yake alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Bibi yule alisimama mbele ya uso wake, karibu kiasi cha kuhesabu kope, akamtambua kwa kikapu cha pichani.

Tangu hapo Bibi Chaumontel aliagiza gauni lirudi Jumamosi jioni, apate kulivaa Jumapili barabara kuu, watu wamfananishe na picha. Modeste alimwona akitembea kidevu juu, akijikwaa.

Jumapili iliyofuata Ursule alivaa gauni la mke wa daktari. Lilimbana kwapani, na mvua ilinyesha kutwa.