Redio ya Chumbani kwa Violeth

Violeth alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, na mtu anayeshinda kutwa akisikiliza mashine za chapa zikigombana ana haki ya kutaka kitu laini masikioni akienda kulala. Mwaka mzima alijinyima kwa ajili ya redio ndogo ya muziki ya kuweka kwenye stuli kando ya kitanda, si ya kutingisha mtaa. Siku hizo maduka yalikuwa yamefurika vitu ambavyo miaka michache nyuma hukuvipata mpaka umjue mtu. Yake alishaichagua: nyeusi, yenye spika mbili za kuchomoa na taa za kijani zinazopanda na kushuka na wimbo. Hasani, mwenye duka karibu na soko la Majengo, alishachoka kumwashia bure.

Ndipo mama yake, Dorkasi, alipoletwa kutoka kijijini Chemba na kidonda cha mguu. Daktari hakuzungusha maneno: kidonda kisafishwe hospitalini kila siku mpaka kifunge, la sivyo mguu utakatwa. Violeth akampisha kitanda chake pale mtaa wa Area D, yeye akatandika godoro sakafuni.

Mguu ulianza kupata nafuu, lakini mwenye mguu hakulala. Alisema kimya cha Area D kinamtisha, watu wanalala kama hawana mifugo. Kila asubuhi alifunga vitu vyake ndani ya khanga, akaketi mlangoni na kifurushi chake.

"Mama, vumilia wiki hii tu," Violeth alimsihi.

"Madoa anakaribia kuzaa, mwanangu. Yule ng'ombe akizaa hamtaki ndama mpaka abembelezwe. Nani atambembeleza? Daudi?"

Alilitaja jina la mwanawe wa kiume kama watu wanavyoitaja mvua ya Dodoma, kitu cha kutotegemewa.

Ijumaa moja akagoma kabisa kwenda hospitali. Jumatatu angepanda basi kurudi kwake, na mguu kama ni wa kukatwa, ukatwe. Violeth alijifungia bafuni akalia, maana alimpenda huyu mama mbishi kuliko kitu chochote duniani. Kisha akanawa uso, akatoka.

Kesho yake akampeleka dukani. Alijiambia labda muziki utamletea usingizi.

"Shikamoo, mama," Hasani alisema, akaiwasha ile nyeusi. Taa zikacheza.

"Marahaba. Inaimba vizuri," mama alikiri. "Na kusikia, inasikia?"

"Kusikia vipi, mama?"

"Nikisema, ishike nilichosema. Katekista wetu alikuwa nayo ya namna hiyo."

"Aa, kurekodi! Hii hairekodi sauti ya mtu. Labda ile pale."

Ilikuwa redio kaseti ya kijivu, nene, yenye mkono wa kubebea, na betri zake zingetosha tochi za kijiji kizima. Violeth aliitazama ile nyeusi, na tusifiche, roho ilimuuma. Alipogeuka alimkuta mama ameinamia kitundu cha maikrofoni cha ile ya kijivu, ananong'ona, "Madoa. Madoa."

"Nifungie hii," Violeth akamwambia Hasani.

Hakuipeleka nyumbani. Alimwacha mama kwa jirani yake, Frida, akapanda basi la Chemba na redio mapajani. Jumapili jioni alirudi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akaiweka kwenye stuli kabla ya kuvua viatu. Mama alikuwa ameketi kitandani, kifurushi tayari kando yake.

"Sikiliza kwanza, mama."

Kaseti ilikwaruza, kisha zikaja kengele za ng'ombe wanaoingia zizini. Mama akainua kidole.

"Huyo wa mbele ni Kahawa. Kengele yake ina ufa."

Yakafuata maziwa, yakipiga ndani ya kibuyu. "Daudi anakamua kwa pupa," alinung'unika. Halafu ikasikika sauti ya Daudi mwenyewe, anaimba polepole, na chini yake kilio chembamba cha ndama.

Mama alijiziba mdomo. "Kazaa?"

"Kazaa Alhamisi. Alimkataa ndama, mpaka Daudi alipomwimbia ule wimbo wako wa kumbembeleza."

"Anaukosea."

"Anaukosea, mama. Lakini ndama ananyonya."

Mama alisogeza sikio kwenye spika mpaka akamsikia ndama mwenyewe akinyonya, na machozi yakamtoka bila aibu. Akaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa, tena na tena, mpaka Violeth naye akaujua wimbo pamoja na makosa yake.

Kaseti ilipokwisha, mama alikivuta kifurushi chake. Alikifungua fundo, akamwaga vitu vyote kitandani, akaikung'uta ile khanga, akaikunja na kuifunika redio.

"Vumbi la huku kwenu baya," alisema. "Kesho uniamshe mapema. Pale hospitali foleni ni ndefu."