Kucha Nyeusi za Binti wa Kitalu

Msimamizi wa mradi alinifukuza kwenye kitalu cha miti nilichokianzisha kwa mikono yangu, eti sijui kusoma. Binti wa ng'ambo anayejitolea pale ana kucha nyeusi kwa udongo kunishinda, na sauti ndogo kama anayeogopa kuamsha mtoto. Kila akitaka kumwagilia miche, huchomeka kidole udongoni kwanza kupima unyevu, kama nilivyomfundisha. Siku moja wageni walikuja kukagua mradi, na mmoja akauliza mbegu ngumu huoteshwaje. Msimamizi akapekua karatasi. Binti akatua ndoo, akanifungulia geti nililokuwa nachungulia kwa nje.

"Mama, ingia uwaonyeshe."

"Huyo hata jina lake haandiki," msimamizi akafoka.

"Miti nayo haisomi, bosi," akajibu kwa sauti ileile ndogo.

Nikaingia kifua mbele, nikakwaruza ganda la mbegu kwenye jiwe ili maji yapenye, wageni wakapiga makofi. Wakataka nirudishwe kazini, na sasa ufunguo wa kitalu ninao tena. Msimamizi bado hajaniomba radhi, na nitaidai mbele ya watu walewale.